Kinanda cha Mama Nyuma ya Mlango

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu, nisamehe kwa kuchelewa. Uliniambia nianze kuandika siku ileile Mama aliposhuka na begi lake, na sasa yuko wiki ya tatu kwetu, daftari ulilonitumia bado linanukia duka. Kisingizio changu ni kimoja tu: kina miezi mitatu, kina kichwa kikubwa kama cha kaka yako, na hakilali.

Ulisema kwenye simu hatuambiani kitu, ni "hatujambo, nyie je?" mpaka inakatika, na wewe unataka kujua hasa mama yako anaishije kwa mkwe wake. Haya. Nitaandika kila nitakapopata mkono wa pili, na mvua zikiisha nitakutumia daftari zima. Mwandiko usiucheke.

Mama hajambo, ila yale meno ya juu ya mbele yanacheza. Anatafunia pembeni, na akicheka anaziba mdomo. Daktari wa meno kasema hakuna dawa, matatu yatoke, akatupa siku mwishoni mwa Aprili. Nilipokupigia kukuambia, hukuuliza kama itamuuma. Ulisema, "Basi kinanda chake cha mdomo ndiyo basi. Mrekodini kabla." Nimeahidi. Maikrofoni uliyotuma imefika salama, imeviringishwa kwenye zile fulana za mtoto. Kaka yako aliifungua taratibu kama anamtoa mgonjwa bandeji.

Jumanne, 12 Machi

Tumegeuza chumba cha kulala kuwa studio. Leo nimeona faida ya kuolewa na fundi wa makochi. Kaleta mabaki ya sponji kutoka karakana, kayapigilia ukutani kwa stepla yake, mengine ya manjano, mengine ya kijivu, moja bado lina mashimo ya vifungo. Godoro tumelisimamisha dirishani. Ukisema neno humo ndani halina pa kwenda, linakufia mdomoni.

Mama alichungulia, mtoto begani. "Mnataka kuimba au mnaficha mtu?"

Alhamisi, 14 Machi

Tumeanza. Mpango wangu ni huu. Ule wimbo wa Mama usio na maneno, ambao nyie watoto wake mnauita wa jikoni kwa sababu alikuwa akiupiga mkisubiri chungu kiive, nimeutungia beti mbili. Kaka yako anapiga gitaa, mimi naimba, halafu katikati gitaa linabaki peke yake na Mama anaingia na kinanda chake cha mdomo. Maikrofoni ni moja, kwa hiyo tunarekodi kimoja kimoja, halafu laptopu inavikutanisha. Gitaa kwanza, sauti ya pili, Mama mwisho.

Nilimweleza. Alinisikiliza huku anampapasa mtoto mgongo.

"Sasa mimi nitamjibu nani, kama nyie mmekwisha kuimba mkaondoka?"

"Utatusikia kwenye hedifoni, Mama."

"Haya. Mkifika kwangu mniite. Nipo jikoni na mume wangu."

Mume wake ndiye huyo mjukuu. Mimi nina wangu wa makochi, yeye ana wake wa nepi.

Gitaa limekula alasiri nzima. Kaka yako akikosea anacheka, nami nikimwambia arudie anazidi kucheka.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Bati juu linasikika kama mtu anatumwagia kokoto. Hakuna rekodi.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Nepi hazikauki.

Jumatatu, 18 Machi

Leo kumekucha kukavu, na karakana haina kazi, maana hakuna anayesafirisha kochi kwenye tope. Kwa hiyo kaka yako yuko nyumbani, nikaimba.

Nikuambie ukweli kuhusu mtoto. Kwangu ananusa maziwa na kulia hata akiwa ameshiba. Kwa baba yake anageuza shingo ananitafuta. Kwa Mama ananyamaza kama redio iliyozimwa. Bila Mama kumshika kule jikoni hakuna wimbo, tusidanganyane. Kwa hiyo yeye akawa jikoni, sisi chumbani, mlango umefungwa, blanketi limewekwa chini kuziba upenyo.

Nilipotoka nikamuuliza, "Unasikiaje, Mama?"

"Sauti unayo. Ila unaimba kama mtu anayempita mbwa aliyelala."

Kaka yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilijisemea, huyu mama tangu aje hajanisifia hata chai. Ninavyomfunika mtoto si sawa, ninavyokamua nguo si sawa, sasa na kuimba. Jioni nikakuta keshanipangia nepi zote, kazikunja pembe kwa pembe, na chakula changu kakifunikia sahani. Nikaona aibu. Hata hivyo sikumwambia asante, wifi. Nilikula tu.

Jumatano, 20 Machi

Kaka yako kasema, "Leo tuanze na Mama. Gitaa limekwisha, yeye apige, wewe utamalizia sauti baadaye."

Nikamwambia koo langu leo liko wazi na mafua yananinyemelea, nisipoimba leo sitaimba wiki hii. Mama atakuwapo tu kesho.

"Na mtoto atashikwa na nani, Mama akipiga?" nikamuuliza.

"Na wewe."

"Alie kwenye rekodi?"

Mama alikuwa pale pale mlangoni. Akasema, "Acheni kugombana, mtamwamsha. Mimi nipo, siendi popote."

Ijumaa, 22 Machi

Mafua kweli. Sauti kama ya chura.

Jumapili, 24 Machi

Leo nilikuwa nimeipata. Ubeti wa kwanza safi, wa pili safi, pumzi imekaa, hakuna gari, hakuna mlango wa jirani. Tukakaa kitandani kuisikiliza, hedifoni moja, sikio langu na sikio lake. Ukafika ubeti wa pili, nikasikia kitu nyuma ya sauti yangu, chembamba, kama mtu anapiga mluzi ndani ya chupa.

Mama. Alikuwa anampigia mtoto kule jikoni.

Nilitoka. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, mtoto amemlalia kifuani, mkono mmoja chini ya makalio ya mtoto, mwingine umeshika kinanda. Mtoto macho kodo, anautazama mdomo wa bibi yake.

"Mama, unaingia kwenye rekodi."

Alikishusha palepale. "Nilidhani mlango umefungwa."

"Umefungwa. Kinapenya."

"Alitaka kulia, nikasema nimpoze."

"Najua, Mama. Lakini tunaanza upya sasa."

"Basi sipigi." Akakifuta kwa upindo wa nguo, akakitia mfukoni. Mtoto akaanza kulia papo hapo, kama kumshitaki mtu.

Kaka yako alikuwa bado na hedifoni. "Mbona tamu? Iache. Sikia alivyokufuata, pale unapovuta neno na yeye anavuta."

Nikamwambia hii imechafuka. Ukiiacha hivi huwezi kuipandisha sauti yangu bila kukipandisha kinanda, wala kukishusha bila kunishusha mimi. Tutamrekodi peke yake vizuri, karibu na maikrofoni, siyo huku mbali kama anaita mtu ng'ambo. Nikafuta. Niliona nafanya kazi kama inavyotakiwa.

Alhamisi, 28 Machi

Laptopu imejaa, haipokei kitu. Nimekaa na mtoto kwenye titi, nikasikiliza za zamani moja moja nikafuta zote zenye kelele: ya pikipiki, ya chungu kilichoanguka, zote ambazo Mama alipenya. Kumbe alipenya nyingi, tangu siku ya kwanza, mimi sikuwa nasikia kwa sababu nilikuwa najisikiliza mwenyewe. Zimebaki safi tatu. Sasa panapumua.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mama kashika shavu asubuhi. Nimemuuliza, kasema ni upepo.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Imekwisha! Sauti imekaa, gitaa limekaa, na katikati nimeacha nafasi ya Mama. Gitaa linatembea pale peke yake kama mtu anayemsubiri mwenzake njiani. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nimemwambia Mama, kesho ni wewe. Akasema, "Kweli?" Hivyo tu. Kama mtoto aliyeambiwa atapelekwa matembezi.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika nikiwa na uzito moyoni.

Mama alioga mapema. Akavaa lile gauni la bluu lenye kola, lile la kwenda kwa watu, na kilemba kipya. Nikamwambia, "Mama, ni sauti tu, hakuna atakayekuona." Akasema, "Mimi nitajiona." Akakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, hedifoni juu ya kilemba, kinanda kimelala magotini. Kaka yako akamsogezea maikrofoni. Mimi nikabaki jikoni na mtoto, nikasema leo alie asilie, nitatoka naye nje hadi barabarani.

Bati likaanza. Matone ya kwanza machache, makubwa, halafu ikamwagika yote.

Tulisubiri. Sikuweza kutoka na mtoto kwenye mvua ile, naye akapiga kelele, titi hataki, mgongoni hataki. Mama alivumilia, halafu nikaona mlango unafunguka, amevua hedifoni. "Nipe mume wangu." Akamchukua. Mvua haikukatika mpaka taa zikawashwa. Aliingia chumbani kwake akatoka na nguo za kila siku. Gauni alilikunja mwenyewe.

Kaka yako kasema, "Jumatatu basi, nitachelewa kwenda kazini." Nikasema Jumatatu.

Jumatatu, 8 Aprili

Wifi, nimetamani leo uwe karibu.

Nilikwenda kumgongea asubuhi, nikadhani kalala kwa sababu mtoto alimsumbua. Alikuwa amekaa, uso kaugeuzia ukutani. Alipogeuka sikumjua. Shavu la kushoto limevimba hadi jicho limefumba, mdomo umevutwa upande mmoja, unang'aa. Na bado, kwa huo mdomo, alisema, "Nisubirini kidogo. Nikisukutua maji ya chumvi litashuka, nitapiga."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu juzijuzi."

"Tangu lini hasa?"

"Usinifokee. Mlikuwa mnaimba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua ilikuwa inanyesha.

Kaka yako alimkodia gari, mimi nikabeba mtoto, tukaenda wote. Daktari wa meno yule yule, kijana mwenye mikono baridi. Alimfungua mdomo akanitazama mimi, siyo mwanawe, mimi. "Huyu amekaa na usaha siku zote hizi, nyumbani kuna watu?" Nikasema tupo. Akasema, "Mko wangapi?" Nilitaka kumwambia tulikuwa tukimuuliza kila siku. Tulikuwa tukimuuliza kweli: Mama, umemlisha? Mama, amelala? Mama, unaweza kumshika kidogo zaidi?

Hakusubiri mwisho wa mwezi. Uvimbe ukitulia kwa sindano na vidonge, alisema, meno yatoke wiki hii hii, na siyo matatu, manne. Kaka yako akauliza swali ambalo mimi sikuthubutu: "Daktari, anapiga kinanda cha mdomo. Tunaweza kumpa siku moja kwanza?" Daktari akasema, "Kwa mdomo huu? Hata uji atakunywa kwa shida."

Kwenye gari Mama alimnyooshea mikono mtoto. Nikamwambia pumzika. Akasema, "Huku ndiko kupumzika." Nikampa. Nikatazama nje njia nzima. Usiniambie majuto ni mjukuu, wifi. Mjukuu ninaye, na ndiye aliyekuwa anashikwa siku zote hizo.

Alhamisi, 11 Aprili

Yametoka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwenye benchi la nje, mpaka mama mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Uji. Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Nimejaribu kuzirudisha zile nilizofuta. Kaka yako kanipeleka kwa fundi wa kompyuta karibu na karakana. Jamaa kabofyabofya, kasema palipofutwa pamekwisha kuandikwa juu yake. Kwa nini? Kwa sababu niliendelea kurekodi. Sauti yangu safi imekalia palepale ilipokuwa yake.

Kaka yako hajanilaumu. Kasema tu njiani, "Ningekukatalia siku ile ulipofuta." Hilo limeniuma kuliko lawama.

Jumapili, 21 Aprili

Uvimbe umekwisha, fizi zinafunga. Asubuhi Mama alitoa kinanda mfukoni bila kumwambia mtu. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia. Pumzi tupu, ssss, halafu noti mbili zimegandana, halafu ssss. Nilisimama na nepi mkononi, sikugeuka. Akajaribu tena, pole pole, akausogeza mdomo kushoto, kulia. Halafu akacheka peke yake. "Upepo ndio umepata nyumba," akamwambia mtoto. Mtoto naye akacheka.

Alasiri akaniambia nimwekee wimbo. Sikutaka. "Weka, bwana. Nimeusikia nyuma ya mlango mwezi mzima, nataka niusikie nikiwa ndani."

Tukakaa watatu kitandani, Mama, kaka yako na mimi, mtoto akawa kwangu, na kweli alilia mwanzo mwanzo, Mama akasema mwache, atachoka. Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza Mama anatikisa kichwa. Wa pili akafumba macho. Ikafika pale katikati, gitaa likabaki peke yake, likatembea, likasubiri, na sisi tukasubiri nalo. Ni parefu pale, wifi. Sikuwa nimejua kama nimepafanya parefu vile.

Ulipokwisha alifumbua macho.

"Umeimba vizuri. Leo mbwa hayupo."

"Asante, Mama." Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo na kumaanisha.

"Na mimi mmeniwekea nafasi nzuri." Akazungusha kinanda mkononi. "Nafasi mmeniwekea. Siku ndiyo hamkuniwekea."

Kaka yako akainuka akatoka. Mimi sikuwa na pa kutokea, mtoto alikuwa amelala hatimaye, mikononi mwangu. Nikasema, "Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Ulikuwa umechoka. Nami nilikuwa namshika mume wangu, sikutupwa." Kisha akaongeza, "Ila ungenifungulia mlango tu. Mimi nilikuwa nakufuata wewe. Nilikuwa sihitaji chumba."

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikuwa nadhani nilipokuja ukoo huu Mama aliniona mzembe, ndiyo maana ananikosoa. Leo nimemtazama anavyomkosoa kaka yako, anavyomkosoa mtoto, anavyokikosoa chungu. Ndivyo anavyokaa na watu anaowapenda. Wale asiowapenda anawaitikia tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mawingu, ila kukavu. Mama kafunga begi. Kasema kwako kuna fundi wa meno ya bandia anayemwamini, na amekaa huku vya kutosha, asije akawa fenicha. Kaka yako akasema fenicha ningekupiga sponji mpya. Tumecheka wote, hata mimi.

Jumapili, 28 Aprili

Ameondoka leo. Yuko njiani kuja kwako, na daftari hili litafuata kwa mtu wa karakana anayekuja huko kesho. Utalisoma naye yupo chumba cha pili. Usimsomee. Mwenyewe nitamwambia yote akirudi, uso kwa uso.

Nyumba imekuwa kubwa. Mtoto analia nami namshika mwenyewe, na nimegundua akilia sana halafu nikanyamaza tu bila kumbembeleza, ananyamaza. Ningejua hilo mwezi Machi.

Sponji bado ziko ukutani. Kaka yako kasema azing'oe, nimemkatalia. Wimbo sijauzibia ile nafasi, na sitauziba kwa kitu kingine. Nimeupenda, tena ndio unaonisuta.

Sasa sikiliza ninachohitaji unitumie.

Nitumie jumbe zote za sauti ulizonazo kwenye simu yako ambazo Mama anasikika akipiga nyuma, hata kama wewe ndiye unayeongea juu yake, hata kama unamsengenya mtu. Usikate chochote. Zile za mwaka jana ulizoniambia ulirekodi ukiwa jikoni kwako na Mama, hizo hasa.

Waya wa maikrofoni, mrefu kuliko huu, ufike jikoni kwetu.

Blanketi la mtoto la kijani, Mama kalichukua kwa bahati mbaya, au labda si kwa bahati mbaya. Kama amelishika, liache.

Vipimo vya yale meno ya bandia na neno la fundi wake, kama ataweza kupiga nayo au hapana, uniambie hata kama ni hapana.

Na tarehe ya Mama kurudi. Usiniandikie "mvua zikiisha" wala "akipata nguvu". Nitumie siku yenyewe na mwezi wake, nimwambie kaka yako asiende karakana. Mpigaji hata apige hewa tupu, nitarekodi. Mtoto siku hiyo nitambeba mimi.